Dk. wa Nini?

Novemba 2, 2020, katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar ilimuaga Dk. na kumpokea Dk. Aliyekuwa anaondoka ni Dk. Ali Mohamed Shein, aliyemaliza miaka kumi ya urais wa Visiwani. Aliyekuwa anaapishwa ni Dk. Hussein Ali Mwinyi. Majina mawili, kitangulizi kimoja. Lakini lau mtu angezimia jukwaani siku ile, kila mmoja wao angemfaa kwa namna yake. Mwinyi ni tabibu aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Marmara, Uturuki. Yeye angemshika mgonjwa mkono na kusikiliza mapigo ya moyo. Shein ni mwanasayansi aliyepata shahada ya uzamivu ya biokemia ya kitabibu katika Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwaka 1988. Yeye angeifuata damu ya mgonjwa maabara. Wote wawili ni Dk. kwa haki, ila si Dk. wa jambo moja.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo Waswahili hawajalizoea: Dk. wa nini?

Lugha yenyewe inachangia ugumu. Neno daktari lilipoingia katika Kiswahili liliingia na dawa na sindano, na hadi leo mtoto akiambiwa kuna daktari mlangoni atakimbilia uvunguni. Mtu aliyetumia miaka minne kuchunguza magugu ya mpunga akijitambulisha kijijini kuwa ni Dk. fulani, atafuatwa na wazee wenye maumivu ya mgongo. Baadhi ya magazeti huandika Dk., barua za serikali huandika Dkt., mabango ya barabarani huandika Dr. Kwenye nguzo za umeme za miji mingi jina hilohilo limebandikwa na waganga wanaoahidi kurudisha mpenzi aliyekimbia. Hata muziki ulijichukulia lake: Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyeitikisa Dar es Salaam kwa gitaa na maneno mazito, mashabiki walimwita Dokta Remmy, na hakuna aliyemdai cheti. Hilo lilikuwa jina la mapenzi, halikumdanganya mtu. Tatizo huanza pale ambapo Dk. hutangulizwa ili msikilizaji anyamaze.

Wataalamu wa Kiswahili, kwa upande wao, walifanya kazi nzuri kuliko wanavyoshukuriwa. Shahada ya pili huitwa ya uzamili, wengine husema ya umahiri. Shahada ya tatu huitwa ya uzamivu. Wakenya wengi huandika uzamifu. Neno uzamivu linanukia maji. Ndani yake mna kuzama, na linakaa vizuri kabisa na msemo wa wahenga kwamba elimu ni bahari. Mzamivu ni yule aliyekwenda chini, mahali ambapo wengine hawakufika, akarudi na kitu mkononi. Lakini mtaani kuna ndugu yake neno hili, naye ni mzamiaji: yule anayejificha kwenye shehena ya meli ili afike ng'ambo bila nauli, au anayeketi kwenye karamu ya harusi bila kadi. Mzamivu na mzamiaji wametoka katika kitenzi kimoja, na wote wawili wanaweza kuonekana wamevaa joho moja siku ya mahafali. Kazi ya jamii ni kuwatofautisha.

Tofauti haiko kwenye joho. Iko kwenye kazi iliyofanyika kabla yake. Mwanafunzi wa uzamili wa sayansi, kwa kawaida ya vyuo vya Afrika Mashariki, husoma kozi na kuandika tasnifu ndani ya takriban miaka miwili. Anatakiwa aonyeshe kwamba anaijua fani, anajua kupima, kuhesabu na kusoma kazi za wenzake kwa jicho kali. Mzamivu anadaiwa zaidi ya hapo. Lazima alete jambo ambalo halikuwa limejulikana, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, kisha alitetee mbele ya jopo ambalo ndani yake kuna mtahini kutoka nje ya chuo chake, mtu asiyemdai wala kudaiwa naye. Katika ngazi za sifa za vyuo vikuu nchini Tanzania shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9, na uzamivu ngazi ya 10. Juu ya 10 hakuna ngazi. Ndiyo maana kujipandisha huko bila kupita njia ni wizi, na anayeibiwa ni yule aliyekesha maabara.

Asili ya jina ni ya unyenyekevu kuliko matumizi yake ya sasa. Katika Kilatini, doctor ni mwalimu, yule aliyeruhusiwa kufundisha. Pwani ya Waswahili ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo bila kusubiri vyuo vya Ulaya: ijaza. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kwa sheikh wake, akakimaliza na kukielewa, alipewa idhini ya kukifundisha kitabu hicho, na idhini ilitaja mnyororo wa walimu kutoka mmoja hadi mwingine. Anayeulizwa ijaza yake alijua kusema ni ya nini na kaipata kwa nani. Hakuna mwanachuoni aliyeona swali hilo kuwa ni utovu wa adabu.

Kwa hiyo Julius Nyerere, aliyechagua kuitwa Mwalimu, alikuwa amechukua maana yenyewe ya neno doctor na kuiacha sauti yake ya Kizungu. Shahada alizotunukiwa kwa heshima na vyuo vya nje zingemtosha kujiita Dk. maisha yake yote. Hata shahada yake ya Edinburgh ya mwaka 1952 ni fundisho kwa wanaosoma herufi bila kuuliza. Ni M.A., na wengi huitafsiri mara moja kuwa ni ya uzamili. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti, M.A. ndiyo shahada ya kwanza ya fani za sanaa. Oxford na Cambridge nako mwenye shahada ya kwanza ya B.A. hupandishwa kuwa M.A. baada ya miaka kadhaa kupita, bila mtihani mwingine wowote.

Herufi hudanganya pande zote. Anayeona neno sayansi kwenye shahada ya uzamili hufikiria koti jeupe na chupa za kioo, ilhali Chuo cha Uchumi cha London huwapa wahitimu wake wa siasa na uchumi shahada za uzamili za sayansi. Rais Samia Suluhu Hassan ana shahada ya uzamili ya sayansi katika maendeleo ya uchumi wa jamii, aliyoipata kupitia mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Southern New Hampshire ya Marekani. Ni shahada halali, na sayansi yake ni ya jamii. Kinyume chake, aliyetumia ujana wake akihesabu samaki wa Ziwa Victoria hutunukiwa udaktari wa falsafa, ingawa falsafa hakuisoma hata siku moja. Hayo ni mabaki ya vyuo vya kale vya Ulaya vilivyokuwa na vitivo vinne: teolojia, sheria, tiba na falsafa. Maarifa yote yaliyobaki, yakiwemo ya nyota na mimea, yaliwekwa kwenye kapu la falsafa. Wajerumani baadaye waliwatengea wanasayansi jina lao, udaktari wa mambo ya asili. Warusi nao walikuwa na la kwao: shahada yao ya Kandidati wa Sayansi hulinganishwa na uzamivu wa kwingine, na juu yake ipo nyingine ya Daktari wa Sayansi. Wapo Waafrika Mashariki waliorudi kutoka Moscow na Kiev na cheti kilichoandikwa kandidati, wakalazimika kueleza ofisini kwamba wao si watahiniwa, mtihani walishaumaliza.

Basi kama herufi hazitoshi, ni nini kinachotosha? Ni habari ya kazi. Mfano usiochuja ni Wangari Maathai.

Maathai alipata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964, ya uzamili wa sayansi ya viumbe Pittsburgh mwaka 1966, na mwaka 1971 chuo cha Nairobi kikamtunuku uzamivu katika anatomia ya mifugo. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika huko. Dunia inamkumbuka kwa miti na Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, na mara nyingi husahau ng'ombe. Lakini yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, aliona mito imejaa matope, malisho yamekauka na ng'ombe wamekonda. Aliyekwenda kutazama kupe akaona kwamba adui mkubwa wa ng'ombe ni ardhi iliyovuliwa nguo. Mwaka 1977 akaanzisha harakati za Ukanda wa Kijani. Huo ndio uzamivu ukifanya kazi: jicho lililofunzwa kuangalia kitu kimoja kwa makini linakuwa kali hata kwa vingine. Anayemwita Profesa Maathai bila kujua habari ya kupe amelishika jina na kuiacha hazina.

Na upande wa pili wa shilingi uko Lushoto. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza askirimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyapooza, kisha kuyatia kwenye jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa inakwisha, naye akaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoozwa. Alipouliza kwa nini, aliambiwa amekosea, na kwa muda mrefu alifanyiwa mzaha. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo cha Dar es Salaam, mwanafizikia Dk. Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza swali lake tena, na wenzake wakacheka tena.

Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akataka jaribio lifanywe, na mwaka 1969 makala yenye majina ya wote wawili ikachapishwa katika jarida la kufundishia fizikia. Hadi leo wanafizikia wa mabara yote huliita jambo lile athari ya Mpemba, na wangali wanabishana juu yake. Mpemba alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka. Jina lake halikuhitaji kitangulizi ili liingie vitabuni. Lakini kisa hiki kinamhusu Osborne pia, na sehemu hiyo husimuliwa kidogo mno. Mwenye Dk. alisikia jambo linalopingana na alichokijua, kutoka kwa mvulana wa shule, akakubali kulipima kabla ya kulikataa. Pengine hakuna siku nyingine ambayo kitangulizi hicho kilitumika Tanzania kwa maana yake halisi kama siku hiyo.

Ukilinganisha na siku ile, yaliyofuata yanauma. Mwaka 2009 Kainerugaba Msemakweli alitoa kitabu alichokiita Mafisadi wa Elimu, akiwataja mawaziri na wabunge aliodai kwamba shahada zao hazikuwa halali. Wapo waliokanusha. Mjadala ulichemka, ukapoa. Kenya, Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiliwatunuku uzamivu watu 118 katika mahafali moja, na nchi ikashtuka kiasi kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliingia kuchunguza. Swali lililoulizwa lilikuwa la hesabu tu: wasimamizi walikuwa wangapi, na kila mmoja aliwasimamia wangapi kwa wakati mmoja? Ni swali zuri. Halikuwatuhumu wahitimu; lilidai kuona kazi.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi. Kwao kujipachika Dr. bila haki ni kosa la jinai. Machi 2011 Waziri wa Ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya Chuo Kikuu cha Bayreuth kumvua udaktari kwa kunakili kazi za wengine. Februari 2013 ikawa zamu ya Annette Schavan, waziri wa elimu na utafiti wa nchi hiyo, kwa tasnifu aliyoiandika mwaka 1980. Katikati ya hao wawili, Aprili 2012, Rais wa Hungary, Pál Schmitt, naye aliachia ngazi kwa kosa la aina hiyo. Kupita kwa miaka hakukuwa kinga. Tasnifu ni ushahidi, na ushahidi hauzeeki.

Kuna pia shahada za heshima. Chuo chenye hadhi kikimtunuku mtu kwa utumishi wake ni jambo jema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku Rais Samia udaktari wa heshima Novemba 30, 2022, na tangu hapo barua na mabango yakawa Dkt. Samia. Heshima hiyo aliitoa anayeweza kuitoa. Hata hivyo desturi ya vyuo vingi duniani ni kwamba shahada ya heshima hubaki ukutani na kwenye wasifu, haitangulizwi mbele ya jina, kwa sababu haikutetewa mbele ya jopo. Rais wa nchi hapungukiwi na kitu kwa kuitwa Rais. Desturi hii ikilegezwa juu, chini hufunguka mlango mpana: taasisi zisizo na maktaba wala maabara hukodi kumbi za hoteli, zikawavisha wafanyabiashara, wachungaji na wasanii kofia za udaktari kwa malipo. Waswahili wana jina la vazi hilo tangu zamani, kilemba cha ukoka.

Dawa haiko mbali wala haihitaji sheria mpya. Vyumba vya habari viamue kwamba Dk. akitajwa mara ya kwanza katika habari, fani yake itajwe pamoja naye: Dk. fulani, mtaalamu wa udongo, Dk. fulani, tabibu wa watoto, Dk. fulani, shahada ya heshima. Ni maneno mawili au matatu, hayali nafasi. Redio na televisheni zifanye hivyo hivyo, hasa wanapoalikwa wachambuzi. Mtaalamu wa nyuki akizungumzia mfumuko wa bei, msikilizaji ana haki ya kujua kwamba anamsikiliza raia mwenye maoni kama yeye. Na akizungumzia asali, ana haki ya kujua kwamba anamsikiliza mjuzi.

Faida kubwa zaidi ni kwamba swali hilo humrudisha mwenye cheo kwenye kazi yake. Rais William Ruto alitunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi Desemba 2018 katika ikolojia ya mimea. Alichunguza namna shughuli za binadamu zinavyobadili ardhi na mazingira katika bonde la kinamasi cha Saiwa, magharibi mwa Kenya, makao ya nzohe, swala wa majini. Akiwa Rais ametangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Julai 2023 alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018. Wakenya walibishana sana juu ya uamuzi huo. Wachache waliufungua utafiti wake wa Saiwa wakamuuliza Dk. Ruto, mwanaikolojia, anasemaje. Lingekuwa swali la heshima, na yeye ndiye mtu anayestahili kuulizwa.

Tanzania ilikuwa na nafasi kama hiyo, ikaipita. Kwa miaka mingi John Magufuli aliitwa Dk. Magufuli, na zogo lote lilikuwa juu ya kitangulizi. Yaliyomo yalizungumzwa kidogo sana. Alipata uzamili wa kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1994 na uzamivu hapo hapo mwaka 2009. Tasnifu yake ilihusu mafuta ya maganda ya korosho, yale yale yanayobabua vidole vya akina mama wanaobangua. Ndani ya mafuta hayo mna asidi ya anakadiki, na alichochunguza ni uwezo wake wa kujipanga tabaka jembamba juu ya chuma na kukikinga na kutu. Viwandani mafuta ya jamii hiyo hutumika kutengenezea rangi, vanishi na vifaa vya breki.

Novemba 2018 wanunuzi walipokataa bei ya wakulima, Magufuli huyo huyo, akiwa Rais, aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaenda Mtwara na Lindi kuzibeba. Nchi nzima ilijadili bei, wanunuzi na wanajeshi. Ganda, ambalo mkuu wa nchi alikuwa amelisomea hadi ngazi ya 10, halikupata nafasi katika mjadala.

Msomaji akikutana na Dk. kesho, kanisani, msikitini, kwenye daladala au kwenye runinga, amuulize kwa adabu: wa nini? Mwenye kazi atafurahi kuulizwa, na huenda asinyamaze mpaka jioni. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania bado inapakiwa melini ikiwa ghafi, ndani ya maganda yake, na mafuta yake yanakamuliwa ng'ambo.